Ugaidi "wa nyumbani" au "wa ndani"? Na umeme ulikatika, ulikatwa au ulikatiwa?

SWALI: Natafsiri habari za mashambulio dhidi ya miundombinu ya umeme nchini Marekani. Sentensi yangu ilikuwa hivi: "Desemba 2022 watu wenye msimamo mkali wa nyumbani walishambulia gridi ya taifa ya Marekani katika jimbo la North Carolina, na watu 45,000 wakakatwa umeme." Mhariri ameirudisha, anasema "wa nyumbani" ni kosa na niandike "magaidi wa ndani". Nani yuko sahihi?

JIBU: Ndugu msomaji, kuhusu "nyumbani" mhariri wako yuko sahihi. Kuhusu "magaidi" sikubaliani naye hata kidogo, na nitaeleza kwa nini. Sentensi yenyewe pia ina mambo mengine ambayo nyote wawili mmeyaruka.

Tuanze na lililo jepesi. Katika Kiswahili, jambo la nchi yenyewe, lisilovuka mipaka, huitwa la ndani: soko la ndani, pato la ndani, ndege za safari za ndani, Wizara ya Mambo ya Ndani. "Nyumbani" hubaki kwenye kaya: kazi za nyumbani, mfanyakazi wa nyumbani, ukatili wa majumbani. Msomaji akikutana na "ugaidi wa nyumbani" atafikiria mume anayemtisha mke, na hiyo ni habari tofauti kabisa. Andika "wa ndani".

Lakini ujue hilo "ndani" linasema nini. Shirika la Upelelezi la Marekani, FBI, linapotenganisha ugaidi wa ndani na ule wa kimataifa, linaangalia chimbuko la itikadi. Mmarekani aliyezaliwa na kukulia Marekani, akifanya shambulio kwa kuvutwa na kundi la kigeni kama Islamic State, hawekwi kwenye fungu la ndani ingawa hajawahi kuvuka mpaka. Fungu hilo ni la wanaosukumwa na mambo yaliyoota humo humo nchini: chuki ya rangi, uhasama dhidi ya serikali na mengineyo. Kwa hiyo ukikutana na habari ya aina hiyo ya kwanza, usiandike "gaidi wa ndani" kwa sababu tu mtu ana pasipoti ya Marekani. Sema "mzaliwa wa Marekani aliyevutwa na kundi la kigeni". Ni maneno mengi, ila yanasema kweli.

Sasa "msimamo mkali". Hapa nataka tukae kidogo, kwa sababu neno hili limezoeleka mno katika vyombo vya habari hata hatulisikii tena. Kwa Mswahili, msimamo mkali mara nyingi ni sifa njema. Tunamsifu kiongozi mwenye msimamo mkali dhidi ya rushwa, na mzazi mwenye msimamo mkali kuhusu elimu ya binti zake. Kuwa na msimamo ni jambo jema, na kusema mtu "hana msimamo" ni kumlaumu. Tukilichukua neno hilo hilo tukamvika mtu anayepanga kuvitumbukiza vitongoji gizani, tunampa heshima asiyostahili, na wakati huo huo tunamtia doa yule wa kwanza. Mimi huandika "itikadi kali". Wengine huandika "siasa kali", na hilo pia ni sawa, hasa pale kundi linapojulikana kuwa la mrengo fulani: siasa kali za mrengo wa kulia, kwa mfano.

Hata hivyo, "itikadi kali" peke yake haijatosha. Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani, yaliyopitishwa mwaka 1791, yanalinda uhuru wa maoni, hata maoni ya kuchukiza. Mtu anaweza kuamini kwamba watu weupe ni bora kuliko wengine, akalisema hilo hadharani, na asiwe amevunja sheria. Anaivunja anapotenda au anapokula njama ya kutenda. Ndiyo sababu nyaraka za serikali yao zinaongeza neno la kuonyesha nguvu, na tafsiri isilidondoshe. Ninapendekeza "wafuasi wa itikadi kali wanaotumia mabavu". Ukiandika "wafuasi wa itikadi kali wamekamatwa" bila kusema wamefanya nini, msomaji atadhani wamekamatwa kwa sababu ya fikra zao.

Turudi kwa mhariri wako na "magaidi" wake. Tukio unalolitafsiri ni la usiku wa tarehe 3 Desemba 2022, katika Kaunti ya Moore, ambako vituo viwili vya kampuni ya Duke Energy vilipigwa risasi. Sherifu alisema lilikuwa tendo la makusudi. Uvumi ukaenea upesi mtandaoni ukilihusisha na onyesho lililokuwa likifanyika jioni hiyo mjini Southern Pines, lakini wachunguzi hawakuthibitisha uhusiano huo. Miaka miwili baadaye bado hakuna mtu aliyekuwa ameshtakiwa kwa shambulio hilo. Sasa nakuuliza, na mwulize mhariri: mmepata wapi itikadi ya mtu ambaye hata jina lake halijulikani? Wewe umemwita mwenye msimamo mkali, yeye anataka aitwe gaidi. Nyote mmeshatoa hukumu. Ugaidi una nia ndani yake, nia ya kutisha raia au kuishinikiza serikali. Nia isipojulikana, neno hilo halina pa kusimama.

Kiswahili kina neno linalokaa sawasawa mahali hapa, nalo ni "hujuma". Hujuma ni uharibifu wa makusudi, aghalabu wa siri, wenye lengo la kukwamisha kitu kisifanye kazi. Haidai kumjua mtendaji wala dini yake wala chama chake. Vituo vya Moore vilihujumiwa: hilo unaweza kuliandika asubuhi ya kesho yake bila kumwonea mtu.

Lipime neno hili kwa matukio mengine. Tarehe 16 Aprili 2013, watu wasiojulikana walikifyatulia risasi kituo cha Metcalf karibu na San Jose, California, wakaharibu transfoma 17 na kusababisha hasara ya zaidi ya dola milioni 15. Jon Wellinghoff, aliyekuwa mwenyekiti wa tume ya shirikisho inayosimamia nishati, aliliita tukio kubwa kuliko yote ya ugaidi wa ndani kuwahi kuikumba gridi ya nchi hiyo. FBI wakasema hawaoni mkono wa kundi la kigaidi. Hapo mwandishi anaripoti kauli zote mbili kwa majina ya waliozitoa, na kwa kinywa chake mwenyewe anasema "hujuma". Siku ya Krismasi ya 2022 vituo vinne vilivamiwa katika Kaunti ya Pierce, jimbo la Washington, na maelfu ya wateja wakabaki gizani. Ilikuwa wiki tatu tu baada ya Moore, na wengi walikuwa tayari kuyaunganisha matukio hayo. Wanaume wawili wakakamatwa, na mmoja akawaambia wachunguzi kwamba walizima umeme ili wavunje duka na kuiba. Fikiria gazeti lililokwisha kuandika "magaidi" kwa herufi kubwa.

Kisha kuna Baltimore, ambako mambo ni kinyume. Huko itikadi inajulikana vizuri. Brandon Russell, mwanzilishi wa Atomwaffen, kundi la Wanazi mamboleo, alikamatwa mwaka 2023 pamoja na Sarah Beth Clendaniel kwa mpango wa kushambulia vituo vya umeme vilivyouzunguka mji huo, ambao wakazi wake wengi ni weusi. Clendaniel alikiri kosa na mwaka 2024 akahukumiwa kifungo cha miaka 18. Russell alitiwa hatiani mwaka 2025, akapewa miaka 20. Wafuasi wa mkondo wao wanaamini kwamba jamii ya sasa inapaswa kuharakishiwa kuporomoka, ili ije nyingine itakayotawaliwa na weupe. Hapa "itikadi kali" ni neno halali, tena la lazima. Lakini nimesoma tafsiri zikisema "shambulio la Baltimore". Hakukuwa na shambulio. Kulikuwa na njama, na walikula njama wakakamatwa kabla ya kutimiza. "Kula njama" ni usemi wetu wa siku nyingi, na unalingana barabara na kosa waliloshtakiwa nalo.

Na walishtakiwa kwa kula njama ya kuharibu miundombinu ya nishati. Hawakushtakiwa kwa "ugaidi wa ndani", kwa sababu sheria ya serikali kuu ya Marekani, tangu 2001, inaueleza ugaidi wa ndani ni nini ila haijauwekea kosa linalojitegemea lenye jina hilo. Ukiona tafsiri inayosema "ameshtakiwa kwa ugaidi wa ndani" katika mahakama ya shirikisho, irudie hati ya mashtaka.

"Gridi ya taifa" iondoe. Sisi tumeizoea kwa sababu nchi zetu zina gridi moja moja. Marekani ina mifumo mikubwa mitatu, wa mashariki, wa magharibi na wa Texas, na haina gridi moja ya taifa zima. Andika "gridi ya umeme". Wapo wanaopendelea "mtandao wa umeme" wakiona ni Kiswahili zaidi. Ni neno zuri katika habari za usambazaji, lakini katika habari za mashambulio linaleta utata, maana "shambulio la mtandao" siku hizi ni la kompyuta. Vituo vya Moore vilipigwa kwa bunduki.

Kuhusu vituo vyenyewe, jina lililozoeleka Tanzania ni "kituo cha kupoza umeme", yaani mahali ambapo umeme wa msongo mkubwa hushushwa nguvu ili uwafikie watumiaji. Utaona wengi wakiandika "kupooza". Mimi naandika kwa o moja, kwa kuwa "kupooza" kunamkumbusha msomaji mtu aliyepoteza nguvu za viungo. "Shambulio" na "shambulizi" yote ni sahihi. Chagua moja ulishike hadi mwisho wa habari.

Sasa kitenzi, ambacho kwangu ndicho kiini cha swali lako ingawa hukukiuliza. "Watu 45,000 wakakatwa umeme" haikubaliki. Mtu hakatwi umeme. Hukatiwa umeme, na anayekatiwa ni yule ambaye kampuni imemwondolea huduma, kwa kawaida kwa sababu ya deni. "Umeme ulikatwa" nayo ina mkono wa mtu ndani yake, na msomaji ataona mkono wa kampuni: wamekata kwa matengenezo au kwa mgao. "Umeme ulikatika" haina mkono wa mtu yeyote. Inasema hali tu, kama ilivyo kwa kamba iliyokatika. Kiambishi hiki -ik- ni hazina, lakini kina hatari yake. Ukiandika "transfoma 17 ziliharibika Metcalf" umewaondoa wafyatuaji risasi kwenye habari, kana kwamba ni uchakavu. Ziliharibiwa.

Kwa hiyo uvigawe vitenzi kwa haki. Kilichotendwa na mtu kipewe -w-: vituo vilipigwa risasi, transfoma ziliharibiwa. Kilichofuata kipewe -ik-: umeme ukakatika. Hivyo msomaji anaona sababu na matokeo bila wewe kumweleza. Metcalf inaonyesha tofauti hii vizuri: transfoma ziliharibiwa, lakini umeme wa wakazi haukukatika, kwa kuwa wahandisi waliwahi kuuelekeza kutoka njia nyingine.

Lililobaki katika sentensi yako ni "watu 45,000". Takwimu ile ni ya wateja, na mteja katika hesabu za kampuni ya umeme ni akaunti yenye mita: nyumba, duka, shule. Nyuma ya mteja mmoja kunaweza kuwa na familia nzima. Ukiandika "watu" umepunguza ukubwa wa tukio.

Mimi ningeiandika hivi: "Desemba 2022 watu wasiojulikana walivipiga risasi vituo viwili vya kupoza umeme katika Kaunti ya Moore, jimbo la North Carolina nchini Marekani, na umeme wa wateja wapatao 45,000 ukakatika. Polisi walisema ni hujuma ya makusudi." Kama una nafasi, ongeza kwamba huduma ilirejea kikamilifu tarehe 7 Desemba na kwamba katika siku hizo palitangazwa amri ya kutotoka nje usiku. Msomaji ataelewa uzito wa jambo bila neno "gaidi".

Itakapotokea mtu akakamatwa, mwite "mshukiwa" au "mtuhumiwa" mpaka afikishwe mahakamani, kisha "mshtakiwa" mpaka hukumu itolewe. Hapo ndipo mwandishi anaruhusiwa kumwita mhalifu, na kama ushahidi uliotolewa mahakamani umeionyesha itikadi yake, kuitaja itikadi hiyo kwa jina.