Kinyume cha "mrithi" si neno moja

Mhariri, wiki hii mmeuliza: kinyume cha neno "mrithi" ni nini? Wengi watajibu haraka kwamba ni "marehemu". Sikubaliani nao. Marehemu anaweza kuondoka bila kuacha hata kijiko, na huyo hana mrithi wa mali.

Kiswahili kina namna yake ya kugeuza kitenzi: funga, fungua, ziba, zibua, tega, tegua. "Rithi" imetoka Kiarabu na haikuingia mkondo huo, ndiyo maana hakuna "rithua". Tunanyambua tu: anayepokea amerithi, anayeacha amerithisha. Basi anayemkabili mrithi ni mrithishaji, kama muuzaji anavyomkabili mnunuzi. Ukitaka aliyewekwa kando, neno moja hatuna. Tunasema aliyenyimwa urithi.

Hiba nayo huchanganywa na wosia. Hiba ni zawadi inayotolewa na kukabidhiwa mwenye mali akiwa hai. Wosia hufanya kazi akishafumba macho. Kwa sheria ya Kiislamu wosia hauvuki theluthi ya mali, lakini hiba ya mtu mwenye afya yake haina kikomo hicho.

Huku kwetu Moshi jozi inayojulikana zaidi ni kifunguamimba na kitindamimba. Kwa desturi ya Wachaga wa kwanza hupewa kihamba chake, yaani shamba la ukoo, wa mwisho hubaki na kihamba cha wazazi, penye nyumba, migomba na kahawa. Ni vinyume kwa kuzaliwa, lakini katika kurithi wako upande mmoja. Wa katikati ndio walioachwa wajitafutie, na mabinti zaidi yao, jambo ambalo halinipendezi hata kidogo.

Neno linaloumiza watu zaidi ni "msimamizi wa mirathi". Ukoo ukikaa kikao, ukaandika muhtasari wa kumpendekeza kaka mkubwa, na mahakama ikamteua, mtaani anaitwa mrithi. Sivyo. Mrithi hupokea, msimamizi hukusanya mali, hulipa madeni, kisha hugawa. Anaweza kuwa yote mawili, ila akiuza kiwanja kwa usimamizi, fedha ile ni ya warithi wote, naye ana fungu lake tu.

Hapo ndipo funga na fungua zinaporudi. Mirathi hufunguliwa, na lazima ifungwe. Katika Mahakama ya Mwanzo msimamizi ana miezi 4 tangu kuteuliwa, isipokuwa mahakama imwongezee muda, kuwasilisha Fomu Na. 5, yaani orodha ya mali na madeni, kisha, kwa vipindi vinavyopangwa na mahakama, Fomu Na. 6, hesabu ya alichokusanya, alicholipa na alichogawa. Wengi hufungua, wakachukua fedha za benki, wakaishia hapo.

Tazama hati ya kiwanja. Kwanza huhamishwa kutoka jina la marehemu kwenda kwa msimamizi, ikitajwa wazi kuwa ni "kama msimamizi wa mirathi". Hatua ya pili ni kuihamishia kwa warithi. Ikikwama katika ya kwanza, siku msimamizi akifa watoto wake watadhani kiwanja ni cha baba yao, na shangazi na baba wadogo watalazimika kurudi mahakamani kuomba msimamizi mwingine wa mirathi ileile ya babu.

Msomaji, Moshi