Barua kwa mwanangu: laki tatu za wakala na visa ya kazi

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelisoma. Kampuni ya Uingereza imekukubali kwa kazi ya uhandisi wa ujenzi, na wakala hapa Mombasa ataka laki tatu akumalizie karatasi za visa ya kazi. Wauliza kama umpe, na mbona wenzako waliokuwa na kila kitu wamekataliwa.

Usimpe hata shilingi. Mlango wa visa hiyo ni cheti cha udhamini, nacho hutolewa na mwajiri peke yake, tena mwajiri aliye kwenye orodha ya wadhamini wenye leseni ambayo serikali ya Uingereza huitangaza kwenye tovuti yake. Litafute jina la kampuni yako humo leo, herufi kwa herufi. Ada ya cheti, iliyopandishwa hadi pauni 525 Aprili 2025, ni mzigo wa mwajiri, na tangu 31 Desemba 2024 haruhusiwi kumtwisha mfanyakazi. Wakala akigeuza maneno akuambie ana nafasi ya kutunza wazee, jua njia hiyo ilifungwa kwa wanaoajiriwa kutoka nje tarehe 22 Julai 2025.

Ama wenzako, mara nyingi karatasi huwa zipo ila hazipatani. Sisi watu wa pwani tunaumia zaidi kwa majina: cheti cha kuzaliwa kinasema Athumani, kitambulisho Othman, shahada ina majina mawili na pasipoti matatu. Kila kitu kifuate pasipoti. Ikiwa kosa limo kwenye pasipoti yenyewe, nenda ofisi ya uhamiaji, jengo la Uhuru na Kazi, ulitatue kabla mwajiri hajatoa cheti, kwa sababu cheti hicho kina miezi 3 tu ya kutumika. Herufi iliyokosewa kwenye cheti, mwajiri aweza kuirekebisha kwa kuongeza maelezo kwenye mfumo, lakini afanye hivyo kabla hujatuma maombi.

Kipimo cha kifua kikuu usikiache mwisho. Hospitali yoyote haifai. Ni kliniki ya IOM, shirika la kimataifa la uhamiaji, kule Nairobi, kwa hiyo hesabu na nauli ya treni. Picha ya kifua ikiwatia shaka, watachukua makohozi siku 3 na kuyaotesha maabara, na majibu yaweza kuchukua hata miezi 2. Cheti cha udhamini kikishatoka, kinakufia mkononi huku ukingoja. Cheti cha kifua kikuu huishi miezi 6, basi kapime sasa, wakati bado mnazungumzia mkataba.

Kiingereza chako sina wasiwasi nacho, ila karatasi yake yanitia wasiwasi. Kenya haimo kwenye orodha ya nchi ambazo raia wake hawadaiwi ushahidi wa lugha. Ama Ecctis, taasisi ya Uingereza inayotathmini vyeti vya nje, wathibitishe kuwa shahada yako ilifundishwa kwa Kiingereza, ama ufanye mtihani. Ukifanya, chagua IELTS for UKVI, ile ya maombi ya visa ya Uingereza. Watu hulipia IELTS ya kawaida, wakapata alama nzuri, na ikakataliwa. Kiwango kinachotakiwa ni B2, yaani cha juu ya wastani, tangu 8 Januari 2026.

Upande wa pesa, muulize mwajiri kwanza kama atathibitisha kwenye cheti kuwa atabeba matunzo yako, yaani gharama zako za kuanzia maisha huko. Akikubali, taarifa ya benki haihitajiki. Akikataa, akaunti yenye jina lako, si ya chama wala ya mjomba, ikae na pauni 1,270 kwa siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja, na siku ya mwisho isipite siku 31 kabla ya maombi. Weka ziada, maana shilingi ikiteleza kidogo unaangukia chini ya kiwango.

Mzigo mkubwa ni ada ya kutumia huduma ya afya ya serikali huko: pauni 1,035 kwa mwaka, na hulipwa yote kwa mkupuo. Mkataba wa miaka 3 ni pauni 3,105. Ukikataliwa, ada hiyo hurudishwa. Ada ya visa hairudi. Hili nalo ulizungumze na mwajiri kabla hujatia saini.

Ukishatoa alama za vidole, majibu kwa kawaida huja ndani ya wiki 3. Mpaka uyaone, usikate tiketi wala usiache kazi uliyo nayo.

Nitumie picha ya ukurasa wa pasipoti na ya barua ya kampuni, niyalinganishe majina usiku huu.

Mama yako