Boila imegoma na inaonyesha msimbo: uanzie wapi

Kila anayeanza kazi hii ya kutengeneza boila, yaani mashine za gesi zinazopasha maji ya kuleta joto nyumbani, huniuliza ataikariri vipi misimbo yote ya kwenye skrini za boila. Jibu langu ni moja: usikariri hata mmoja. F1 kwenye boila za Ideal Logic maana yake presha ya maji imeshuka. Nenda kwenye boila za Vaillant ukute F.1, hapo inazungumziwa sensa ya joto la maji yanayorudi. Herufi ileile, namba ileile, ugonjwa mwingine kabisa. Aliyekariri ataongeza maji kwenye mfumo ambao shida yake ni waya uliokatika, kisha atashangaa. Fungua kitabu cha modeli hiyohiyo iliyo mbele yako.

Cha kukariri ni mfuatano wa boila inapowaka. Thamostati, kifaa kinachopima joto la chumba, au saa ya kuwasha inaomba joto. Pampu inazunguka, boila inahakikisha kuna maji na yanatembea. Feni inaanza, nayo inahakikisha hewa inapita na moshi una njia ya kutoka. Cheche zinapigwa, vali ya gesi inafunguka, mwali unawaka. Elektrodi iliyo karibu na mwali inapima mkondo mdogo sana wa umeme unaopita ndani ya moto wenyewe, na kwa mkondo huo bodi ya umeme inayoongoza boila inajua kwamba kweli kumewaka. Usipoonekana, gesi inafungwa mara moja. Baada ya hapo sensa za joto ndizo zinazoongoza kazi.

Ukishaujua mfuatano huo, msimbo utausoma kwa jicho jingine. Huambiwi kifaa gani kimeharibika. Unaambiwa boila ilifika hatua gani ikakwama. F.28 ya Vaillant ni kushindwa kuwaka tangu mwanzo; F.29 ni mwali uliowaka halafu ukapotea kazini. Zote mbili zinahusu moto, lakini ya kwanza inanifanya niulize kama gesi imefika kabisa, na ya pili inanifanya niulize kama gesi inatosha muda wote, au kama kuna kitu kinauzima.

Hili nililijifunza kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuta boila yenye msimbo wa kushindwa kuwaka. Nikaona ndiyo nafasi ya kuonyesha ufundi. Nikatoa elektrodi, nikaisafisha, nikaweka mpya, nikapima waya, nikaanza kuishuku bodi. Saa tatu hivi zikapita. Mama mwenye nyumba akaleta chai, akasema kwa upole, "Mwanangu, hata jiko halijawaka tangu jana walipobadilisha mita." Vali ya gesi kwenye mita ilikuwa imefungwa. Tangu siku hiyo, kabla sijagusa bisibisi nauliza: jiko linawaka? Umeme upo? Betri za thamostati zina nguvu? Saa ya kuwasha imepangwa sawa? Nani aliigusa boila mara ya mwisho? Maswali haya yananipunguzia nusu ya kazi.

Kuna jambo jingine linalowachanganya wageni: si kila kinachoonekana kwenye skrini ni hitilafu. Vaillant, kwa mfano, huonyesha misimbo ya S inayoeleza hali tu. S.0 ni kwamba hakuna anayeomba joto, S.4 ni kwamba boila inapasha, S.8 ni kwamba imejizuia kwa muda ili isiwake na kuzimika kila mara. Nimeitwa zaidi ya mara moja kutengeneza boila iliyokuwa imepumzika. Na hata kwenye hitilafu zenyewe, kuna boila kujizuia na ikarudi yenyewe hali ikitengemaa, na kuna kujifunga kabisa hadi mtu abonyeze kitufe cha kuanzisha upya. Kitufe hicho kibonyeze mara moja, mbili ikizidi sana. Ikijifunga tena inakuomba utafute sababu. Na kabla ya kubonyeza piga picha ya skrini, maana boila nyingine msimbo hupotea na wewe ukabaki kubahatisha.

Sasa tuje kwenye presha, kwa sababu ndiyo itakayokula muda wako. Mfumo uliofungwa, yaani ambao maji yake hayagusani na hewa ya nje, ukiwa baridi huwa kati ya bar 1 na 1.5 kwenye geji, kile kipimo cha presha. Ukipata joto unapanda kidogo, na hiyo ni kawaida. Ikishuka sana boila inagoma, mwenye nyumba anafungua vali ya kujazia, inawaka, naye anafurahi. Wiki ijayo tena. Na wiki inayofuata.

Hapo usikubali kuwa mjazaji wa maji. Maji mapya huingia na oksijeni, oksijeni inakula chuma cha rejeta, yale mabamba ya ukutani yanayotoa joto chumbani, na kutu hiyo ndiyo tope jeusi litakalokuja kuziba pampu. Uliza maji yanaenda wapi. Tafuta unyevu kwenye maungio na chini ya vali za rejeta. Usipouona, itazame geji boila ikipasha. Lita 100 za maji yakitoka nyuzi 10 hadi nyuzi 80 huongezeka karibu lita 3, na ongezeko hilo lazima lipate pa kukaa. Pa kukaa ni tangi la upanuzi, lenye hewa upande mmoja na maji upande mwingine, katikati kuna utando wa mpira. Hewa ikiisha, maji hayana pa kutanukia. Geji inapanda haraka mpaka bar 3, vali ya usalama inafunguka, maji yanamwagika nje kupitia bomba ambalo hakuna anayelitazama. Usiku boila ikipoa, presha imeanguka. Kwa hiyo geji inayoruka ikiwa moto na kulala ikiwa baridi inakuelekeza kwenye tangi. Bonyeza kidogo vali yake ya hewa, ile inayofanana na ya tairi. Yakitoka maji, utando umepasuka. Isipotoka kitu, huenda linahitaji kujazwa upepo tu, lakini jaza baada ya kuondoa presha ya maji, la sivyo geji yako ya hewa itakudanganya.

Rejeta hazina maneno mengi. Baridi juu, moto chini: kuna hewa, itoe kwa ufunguo mfumo ukiwa umepoa, halafu rudi kuangalia presha maana itakuwa imeshuka. Baridi chini katikati: tope. Moja tu haipati joto: angalia kipini cha vali yake, mara nyingi kimekwama.

Msimbo wa joto kupita kiasi huku rejeta ni baridi huwa ni maji yasiyotembea. Shika kwa uangalifu bomba linalotoka na linalorudi. Moja likichoma na jingine likiwa la baridi, shuku pampu au kitu kilichofungwa njiani, hata kama mteja anaapa kwamba pampu ni mpya.

Kwenye baridi kali kuna mtego wa boila za kisasa zinazopoza moshi mpaka mvuke wake unakuwa maji ya kutolewa kwa bomba. Bomba la maji hayo likipita nje linaganda, maji yanarudi ndani, boila inaguruma kama mtu anayesukutua kisha inatoa msimbo wa kushindwa kuwaka. Mimina maji ya uvuguvugu juu ya bomba, yasiwe ya kuchemka, uwashe upya.

Kifuniko cha chumba cha moto na vali ya gesi iliyo ndani ya boila usiviguse mpaka uwe na leseni. Ukinusa gesi usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Funga gesi, fungua madirisha, toa watu nje, piga simu ya dharura ukiwa huko. Ukiona mwali wa manjano au masizi kwenye boila, au wenyeji wakilalamika kuumwa kichwa kinachopona wakitoka nje, izime hiyo boila kabla ya kusoma msimbo wowote. Hizo ni dalili za kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu, na skrini inaweza kuwa haionyeshi kitu.