Kijana wa Bezi na Mwalimu wa Paris

Nimefundisha kwaya miaka 14, na kosa langu kubwa nililiona jioni moja ya mvua. Mazoezi yamekwisha, tunasubiri ikatike, kijana mmoja wa bezi akaanza kugonga benchi kwa vidole huku akipiga mluzi wa ngoma ya mganda. Wote wakageuka. Mimi nikamkata: “Acha hizo, lete nota zako tuone.” Akaleta. Zilikuwa nyimbo zangu mimi, maneno tu ndiyo mapya.

Baadaye nilisoma habari za Nadia Boulanger, mwalimu Mfaransa wa utunzi wa muziki, nikaona aibu.

Huyu mama alizaliwa Paris mwaka 1887, akafia huko huko mwaka 1979, na kwa miongo mingi wanafunzi walipanda ngazi za nyumba yake ya rue Ballu. Mdogo wake, Lili, alikuwa mwanamke wa kwanza kushinda tuzo ya utunzi ya Prix de Rome, mwaka 1913. Nadia mwenyewe aliishia nafasi ya pili mwaka 1908. Lili akafariki 1918 akiwa na miaka 24. Miaka michache baadaye Nadia akaacha kutunga, nguvu zake akazielekeza kwenye kazi za wengine.

Mwaka 1954 akamjia mtunzi Astor Piazzolla kutoka Argentina na furushi la nota. Mama akazisoma, akaona sauti za watunzi wengine wakubwa: hapa Stravinsky, hapa Bartók, hapa Ravel. Piazzolla mwenyewe yuko wapi? Jamaa alikuwa anaficha kwamba hupiga tango, muziki wa dansi wa kwao, kwa bandoneoni (ala inayofanana na kodiani), aliona ni muziki wa vilabuni. Mama akambana mpaka akampigia tango kwenye piano, kisha akamwambia huyo ndiye Piazzolla, asimwache kamwe. Hadithi hii aliisimulia Piazzolla mwenyewe.

Wengi huishia hapo, wakasema basi kila mtu aimbe lake. Lakini Boulanger hakumwachia: alimkalisha chini aandike mazoezi ya sauti nne, tena na tena. Vyote viwili vilikwenda pamoja. Ndiyo maana wanamuziki wa Marekani Aaron Copland, Quincy Jones na Philip Glass walipita mikononi mwake wote, na hakuna anayefanana na mwenzake.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla hujashika kalamu nyekundu, muulize mwanafunzi anaimba nini akiwa anafua nguo. Umsikilize mpaka mwisho. Halafu mrudishe kwenye solfa bila huruma. Mimi siku hizi naanza na sauti mbili tu, ya kwanza na bezi. Zikisimama zenyewe, ndipo tunaingiza za katikati.

Na kina dada mnaoogopa kusimama mbele ya kwaya: mwaka 1937 huyu mama aliongoza okestra ya Royal Philharmonic Society jijini London, mwaka uliofuata akaongoza ya Boston. London alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza tamasha zima la chama hicho, na Boston mwanamke wa kwanza kuiongoza okestra hiyo.

Yule kijana nilimwomba radhi. Sasa anaandika mganda kwa sauti nne. Nimeshamrudishia karatasi mara tatu, maana bezi na teno zinatembea sambamba kama ndugu wanaokwenda kisimani. Alhamisi analeta ya nne.