Shahada au mtandao? Kwanza tafuta mtu wa kukusikiliza

Ujumbe ninaotumiwa ni uleule, hubadilika jina la mwandishi tu: "Dada, nataka kuwa prodyuza wa muziki. Nikasome shahada, au nijifunze mwenyewe mtandaoni?" Zamani nilikuwa najibu kwa mistari miwili. Nimeacha. Swali hili linabeba miaka mitatu au minne ya maisha ya mtu, na mara nyingi mkopo juu yake. Na mimi nimepita njia zote mbili: miaka mitatu ya kujifunza peke yangu chumbani, kisha shahada ya utayarishaji wa muziki ambayo niliimaliza.

Nianze na hicho chumba. Kilikuwa na urefu wa mita 3, na meza yangu ilikaa katikati kwa sababu kuta zilikuwa zimeshikwa na kitanda na kabati. Programu yangu ya kutengenezea muziki kwenye kompyuta niliijua vizuri kuliko wengi niliokuja kukutana nao chuoni. Kilichonishinda kilikuwa besi, zile sauti nzito za chini. Kila wimbo niliousikiliza nilihisi kiki, yaani pigo la ngoma kubwa ya mguu, haina uzito, basi kwenye nyimbo zangu nikawa naongeza. Nilitafuta msaada kwenye video. Mmoja alisema ongeza besi zaidi, mwingine akasema tatizo ni kompresa, kifaa kinachopunguza tofauti ya sauti kubwa na ndogo, wa tatu alikuwa na plagini, kiprogramu cha kuongezea kwenye programu yako, ya kuuza. Nikainunua.

Wiki ya kwanza chuoni mwalimu alitaka kila mtu alete wimbo mmoja. Aliucheza wangu kwenye chumba kilichojengwa kwa ajili ya kusikilizia, na besi ikajaa mle ndani mpaka mwimbaji akafunikwa kabisa. Mwalimu hakunicheka. Alizima skrini, akarudia wimbo mara ya pili, kisha akaniuliza, "Ukifanya kazi unakaa sehemu gani ya chumba?"

"Katikati, Mwalimu."

"Na chumba kina urefu gani?"

"Mita 3."

Akaandika ubaoni 343, kasi ya sauti hewani kwa mita kwa sekunde, akaigawanya kwa 6, yaani urefu wa chumba mara mbili. Jibu ni kama Hezi 57, yaani mitetemo 57 kwa sekunde, palepale kiki yangu ilipokuwa inakaa. Wimbi la masafa hayo linakwenda ukuta huu na kurudi ukuta ule, na katikati ya chumba linajifuta lenyewe. Kiti changu kilikuwa hapohapo linapofutika. Kwa miaka mitatu nilikuwa nautibu wimbo ugonjwa ambao haukuwa nao. Jioni ile nilirudi nyumbani nikahamisha kitanda na kusogeza meza karibu na ukuta.

Maarifa hayo yamo kwenye intaneti, bure, na yalikuwemo siku zote nilizokuwa nahangaika. Ila sikujua kwamba tatizo langu linaitwa chumba, basi nilikuwa natafuta neno "besi". Intaneti ilinijibu nilichouliza. Mwalimu alisikia kazi yangu kwanza, ndipo akauliza mwenyewe swali ambalo mimi nisingeliuliza kamwe. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu shahada na mtandao, mimi namuuliza: nani anasikiliza kazi zako na kukuambia ukweli?

Nisikipambe chuo. Muhula mzima uliishia kwenye historia niliyokwisha kuisoma. Studio ilikuwa ya kugombania: saa 4 kwa wiki kwa kundi la watu watano, na ukitoa muda wa kutandika nyaya na kuzifungasha, kila mtu alibaki na dakika chache sana mbele ya mitambo. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna aliyenifundisha mambo ya karatasi. Nilihitimu nikijua namna ya kuweka maiki mbili kwenye snea, ile ngoma ndogo yenye mlio mkali, moja juu na moja chini, na kugeuza ncha za umeme za moja ili sauti zao zisifutane. Lakini sikujua kwamba mgawanyo wa haki za utunzi huandikwa na kutiwa saini kabla watu hawajatoka studio. Mdundo wangu wa kwanza kusikika kwa watu wengi niliutoa kwa neno la mdomo. Jina langu halimo popote. Miaka imepita na bado ukipigwa mahali nainuka kwenye kiti.

Watu wanaotetea njia ya mtandao humtaja prodyuza Finneas na mdogo wake, mwimbaji Billie Eilish. Albamu yao ya 2019 waliirekodi kwa sehemu kubwa katika chumba cha kulala kwenye nyumba ya wazazi wao Los Angeles, na katika Grammy za 2020 Finneas akachukua tuzo ya prodyuza wa mwaka. Ni kweli tupu. Ila wanaoisimulia humsahau Rob Kinelski, fundi wa sauti aliyeimiksi albamu ile, yaani aliyezisawazisha sauti na ala zote zikae pamoja. Kazi ilitoka chumbani, ikapita kwenye masikio ya mtu mwingine kabla haijafika kwetu.

Wa upande wa chuo humtaja Quincy Jones, prodyuza wa Michael Jackson, aliyesoma katika shule ya muziki ya Boston, Marekani, iliyoanzishwa 1945, ambayo leo inaitwa Berklee. Nao husahau kwamba hakukaa hadi mwisho: alipopata nafasi ya kupiga tarumbeta katika bendi ya Lionel Hampton, aliondoka. Miaka michache baadaye, 1957, akiwa tayari mtu wa kazi, alijiweka chini ya mwalimu mmoja Paris, Nadia Boulanger, ajifunze utunzi. Hilo la pili ndilo linalonigusa. Alikuwa na jina, alikuwa na kazi, na bado alikwenda kukaa mbele ya mtu wa kumsahihisha.

Kuna mahali ambapo shahada ni ya lazima, na ni vyema kusema wazi. Ukitaka kufundisha chuo kikuu, ukitaka kufanya kazi ya kupima na kusanifu kumbi za muziki, au ukitaka ajira katika taasisi inayochuja maombi kwa vyeti, nenda kasome. Zipo pia programu chache ambazo huwezi kuziiga nyumbani. Mafunzo ya Tonmeister, yaani ya mafundi wa kurekodi muziki, yaliyoanzia Detmold, Ujerumani, mwaka 1949 na baadaye kufundishwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, huchanganya muziki, fizikia na umeme pamoja na kurekodi wapiga ala wakipiga mbele yako. Kule Surrey wanafunzi walikuwa wanatumwa mwaka mzima kufanya kazi studio. Ukiingia mahali kama hapo, unalipia vyumba, wapigaji na mafundi walio juu yako. Lakini katika miaka yote ya kurekodi wasanii wa kujitegemea, hakuna hata mmoja aliyewahi kuniomba cheti. Wanasema, "Nicheze ulichofanya."

Kabla hujasaini fomu ya chuo chochote, uliza saa ngapi kwa wiki mwanafunzi mmoja anaweza kuikodi studio peke yake, usikubali jibu la "tuna studio sita". Uliza kama walimu bado wanarekodi, na kama mwalimu ataisikiliza kazi yako nawe ana kwa ana au itapewa alama tu kwenye karatasi. Soma pia mkataba uone rekodi utakazozifanya kwa mitambo ya chuo zitakuwa mali ya nani. Na kumbuka shahada nayo imehamia mtandaoni: Berklee wenyewe wanatoa shahada ya utayarishaji wa muziki ambayo unaisomea kwako. Hapo swali langu la nani anakusikiliza linabaki vilevile.

Na kama huna ada, usijione umechelewa. Chagua programu moja, iwe Reaper, FL Studio, Ableton au nyingine, ukae nayo mwaka mzima. Chagua mwalimu mmoja na ufuate kozi yake hadi mwisho kabla hujamgusa wa pili. Nilikuwa naangalia video arobaini kuhusu kompresa na sina wimbo hata mmoja uliokamilika. Ukiona umefika hapo, funga kivinjari, fungua wimbo. Mahali pa kufanyia mazoezi ya kumiksi papo: tovuti ya Cambridge Music Technology ina nyimbo nyingi za kupakua bure, kila ala kwenye faili lake. Chukua mmoja, umiksi, kisha linganisha na wimbo unaoupenda ukiwa umeweka sauti za zote mbili ziwe sawa kwa sikio. Usipozisawazisha, ulio juu kidogo utauona bora hata kama ni mbaya. Na sauti isiwe kubwa wala ndogo kupita kiasi: watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa chini, sikio letu huipoteza besi kwanza.

Jihadhari na nusu ukweli. Utaambiwa kila wimbo lazima uwe LUFS -14, LUFS ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia. Namba hiyo ni kiwango ambacho Spotify husawazishia sauti wakati wa kucheza, haikuamuru wewe umasta, yaani uukamilishe wimbo wako wa mwisho, hapo. Nilipoteza miezi nikiziminya nyimbo zangu zikae kwenye namba hiyo, nyingine zikakosa pumzi, nyingine zikakosa nguvu, kwa sababu tu video ilisema "lazima" na hapakuwa na wa kuniambia vinginevyo.

Kwa hiyo mtafute huyo wa kukuambia. Anaweza kuwa fundi aliyekutangulia unayemlipa saa moja kwa mwezi. Anaweza kuwa mpiga ala ambaye hajui kompresa ni nini lakini anajua ngoma yake ilivyolia siku ile mliporekodi. Marafiki wanaosema "moto!" kila ukiwatumia wimbo, wapende, ila hawatakusaidia.

Mimi nina wenzangu wawili niliosoma nao, na mmoja zaidi ambaye hajawahi kukanyaga darasa la muziki. Kila Ijumaa kila mmoja anatuma dakika moja ya kazi ambayo haijaisha, na wengine wanajibu kwa kutaja sekunde, siyo kwa sifa. Wiki iliyopita yule ambaye hakusoma aliniandikia: "Sekunde ya 41, mwimbaji anazama chini ya kinanda." Nilisikiliza mara tano bila kusikia kitu, nikaanza kuandaa majibu ya kujitetea. Mara ya sita nilizima skrini. Alikuwa anazama.