Vigae juu ya sakafu ya mbao bafuni
Umeuliza kama unaweza kubandika vigae juu ya sakafu ya mbao ya bafu lako. Hapana kaka, usivibandike moja kwa moja juu ya hizo mbao, hata kama fundi kakuapia gundi yake kali. Mbao hutanuka na kusinyaa, kigae hakipindi. Kwanza rukaruka katikati ya bafu: sakafu ikidunda, imarisha boriti za chini. Chomachoma na bisibisi kuzunguka choo, hapo ndipo panapooza zaidi; ikizama, kata ubao ubadilishe. Kisha paka gundi ya saruji (ile ya kubandikia vigae) juu ya mbao, laza bodi za saruji (vipande bapa vigumu vya kuwekwa chini ya vigae) juu yake, acha upenyo wa milimita 3 kati ya bodi na bodi, kaza skrubu zisizoshika kutu kila sentimita 20. Viungo ziba kwa utepe wa wavu na gundi ileile. Bodi hizo zinapitisha maji, kwa hiyo pakaa kizuia maji kabla ya kigae.