Gari lako la 4x4 likiitwa kwenye dharura

Mtu akinunua gari refu lenye matairi ya tope na winchi mbele (mashine ya kukunja kamba na kuvuta), akilini anajiona akivuta basi kutoka mtoni. Kazi zinazokuja kweli ni za namna nyingine. Muuguzi wa zamu ya usiku amekosa usafiri. Mgonjwa wa figo anatakiwa kusafishwa damu mara 3 kwa wiki na barabara imekatika. Kuna insulini kwenye boksi la baridi (isigusane na barafu; ikiganda imeharibika). Kuna fundi wa umeme na ngazi yake, na masufuria ya chakula cha watu waliohamishiwa shuleni. Uingereza wana vikundi vya kujitolea viitwavyo 4x4 Response, na theluji ikifunga barabara kazi yao kubwa huwa ni kuwafikisha wahudumu wa afya kazini. Ni udereva wa polepole, wenye kusubiri kwingi, na mara nyingi unarudi nyumbani winchi haijaguswa. Anayeliona hilo linamchosha kabla hajaanza, kuna njia nyingine nyingi za kusaidia.

Jiandikishe kabla mvua haijaanza

Usijitume. Magari manne yasiyoitwa kwenye njia nyembamba yanatosha kuizuia ambulensi, na njia laini ikishapitiwa na matairi mapana mara kumi inabaki mifereji ambayo hata wewe utakwama kesho yake. Tafuta mapema kikundi kinachofanya kazi na zimamoto, kamati ya maafa au shirika la misaada la eneo lako, kisha toa taarifa zako: daraja la leseni, viti vyenye mikanda, uzito ambao gari linaruhusiwa kubeba, aina ya matairi, kama una redio, na saa ambazo kweli unapatikana. Hilo la mwisho watu hulidanganya sana. Ukiandika "muda wowote" halafu simu tatu hazipokelewi, jina lako linashuka chini ya orodha, na ni haki.

Ukipigiwa, kabla ya kuwasha gari uliza: nani anaongoza, naripoti wapi, nabeba nini, naenda na nani, na nikimaliza namwambia nani. Hilo la kumwambia mtu umemaliza linasahaulika kuliko yote. Dereva aliyekwenda zake kulala bila kuaga, kituoni bado anahesabiwa yuko porini, na saa 9 usiku watu wanatumwa kumtafuta.

Bima nayo. Bima ya matumizi binafsi mara nyingi haifuniki kubeba watu kwa malipo, na kampuni nyingine huona hata hela ya mafuta uliyopewa kuwa malipo. Iandikie kampuni yako, eleza kazi yenyewe ni ipi, na majibu yao yahifadhi kwa maandishi. Uliza pia kuhusu maji, maana kuingia kwenye barabara iliyofurika kwa hiari yako ni sababu inayoweza kutumiwa kukunyima fidia.

Hesabu ya uzito

Kitabu cha gari kinasema linabeba, tuseme, kilo 700. Watu 5 wa kilo 75 ni 375. Bampa la chuma, winchi na kifuniko cha nyuma hufika 120 bila wewe kuona. Vifaa vyako vya kukwamulia, spea ya pili na jeki, 80. Zimebaki kilo 125, yaani madumu 6 ya maji ya lita 20, basi. Ndiyo maana gari lililopambwa sana linaweza kuwa na nafasi ndogo kuliko pikapu tupu ya jirani. Lipime kwenye mzani likiwa na tangi lililojaa na vifaa vyote, na namba hiyo ibandike ndani ya mlango. Mizigo mizito ikae chini, mbele ya ekseli ya nyuma, imefungwa kwa mikanda. Darini weka vitu vyepesi tu. Dumu 4 juu ya paa ni kilo 80 zinazoliyumbisha gari kila unapokata ubavu wa mlima.

Maji

Hapa ndipo magari mazuri yanapopotelea, kwa hiyo tukae kidogo.

Maji yanayokimbia yenye kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kuelesha gari dogo. Sentimita 60 zinasomba magari mengi, pikapu na 4x4 zikiwemo. Sababu yake ni hesabu nyepesi. Bodi ya gari yenye urefu wa mita 4.5 na upana wa 1.8 ina eneo la mita za mraba 8 hivi, na kila sentimita 10 za bodi zinazozama, kabla maji hayajapenya ndani, zinasukumwa juu kwa nguvu ya kama kilo 800. Maji yakipita sakafu kwa sentimita 25, gari la tani 2 halina uzito wa kutosha kushika ardhi. Matairi yanagusa tu, na mkondo unafanya unavyotaka. Kuinua gari kwa springi ndefu kunasogeza mbele hiyo hesabu, hakuifuti.

Kwa hiyo, maji yaliyotulia, ambayo unaijua barabara iliyo chini yake: nusu ya tairi, gia nzito, mwendo wa mtu anayetembea haraka kidogo ili wimbi dogo litangulie mbele ya bampa, na usibadilishe gia katikati. Maji yanayokimbia yakifika kwenye kitovu cha gurudumu: geuza. Maji ya mafuriko huwa yamekula kingo za barabara na kunyanyua mifuniko ya mashimo ya maji taka, na rangi yake ya chai haikuonyeshi lolote. Mtu asitangulie kwa miguu kupima kina mahali ambapo mkondo unaweza kumbeba. Ukijikuta unafikiria kumfunga mtu kamba kiunoni ili apime, jibu umeshalipata.

Fahamu injini yako inavutia hewa wapi. Kwenye magari mengi mdomo wa hewa uko nyuma ya taa au juu ya rejeta, chini kuliko unavyodhani. Maji hayabanwi kama hewa. Yakiingia kwenye silinda pistoni inayapiga kama ukuta na fimbo yake inapinda. Snokeli, lile bomba la hewa linalopanda hadi usawa wa paa, inasaidia ikiwa kila maungio yake yamezibwa, na nyingi zinazofungwa kwa ajili ya sura hazijazibwa. Injini ikizimika majini, usiguse ufunguo. Hapo huenda bado ni nzima. Ni stata inayoivunja. Livutwe nje, zitolewe plagi, au nozeli kama ni dizeli, injini izungushwe maji yatoke, ndipo iwashwe.

Ambalo wengi hawalijui ni difu, lile boksi la gia lililo kwenye ekseli kati ya magurudumu. Umetembea kilomita 30, difu imechemka, unaingia kwenye maji ya baridi. Hewa ya ndani inasinyaa ghafla na difu inanyonya maji kupitia oili sili (mpira unaozuia oili isivuje) au kile kitundu chake cha kupumulia. Dawa ni mpira mwembamba wa kupumulia uliopandishwa hadi juu kwenye chumba cha injini, na kusimama dakika 10 hadi 15 kabla ya kuvuka. Ukirudi, fungua nati ya difu siku hiyohiyo. Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa imeshaingia maji na inatakiwa imwagwe, hata kama uliibadilisha juzi. Breki zikaushe kwa kukanyaga kidogokidogo ukiwa unatembea.

Tope, upepo na kamba

Ingiza 4x4 kabla ya tope. Ukiisubiri mpaka tairi ziteleze, umeshachimba. Upepo wa tairi unaotumia barabarani, tuseme psi 35 (kipimo cha msukumo wa hewa), ushushe hadi kama 20 kwenye tope laini, 16 hadi 18 kwenye mchanga, na ukumbuke kurudisha kabla ya lami. Tairi laini ikikimbizwa na mzigo inachemka ubavuni na kupasuka. Bila kompresa ya kujazia upepo usishushe.

Umekuta gari la mtu limekwama hadi chesisi. Kishawishi ni kufunga kamba na kuvuta. Chukua koleo kwanza. Tope chini ya chesisi linashika kama limenyonya, na dakika 10 za kuchimba mbele ya matairi na kutoa udongo tumboni zinapunguza nguvu inayohitajika kuliko chombo chochote ulichonunua.

Kisha angalia unafunga wapi. Ndoano au pete iliyofungwa kwenye chesisi kwa bolti, sawa. Kichwa cha mviringo cha kuvutia trela, hapana, hata mwenye gari akisisitiza kwamba siku zote anavutwa hapo. Kimetengenezwa kwa trela inayofuata taratibu. Kikikatika kwenye kamba iliyovutika kinaruka kama risasi, na watu wameshauawa nacho. Pete ndogo za kufungia gari kwenye meli nazo si za kuvutia. Vile vyuma vya umbo la U vyenye pini ya kuskrubu, tumia vyenye uzito wa kazi uliochongwa juu yake, tani 4.75 kwa gari la kawaida. Chuma kisicho na namba ni cha kufungia mbuzi. Kaza pini hadi mwisho, kisha irudishe robo mzunguko isije ikang'ang'ania.

Kamba ya nailoni inayonyumbuka, ambayo inaweza kurefuka hadi asilimia 30, ndiyo ya kuvuta kwa mwendo. Mnyororo na mkanda usionyumbuka ni vya kukokota polepole tu. Ukikimbia navyo, kitakachokatika ni kile kilicho dhaifu zaidi, na kinaweza kuwa chesisi. Watazamaji wakae mbali mara moja na nusu ya urefu wa kamba, tena pembeni. Weka koti zito au mfuko wa mchanga katikati ya kamba ili ikikatika iangushwe chini. Anayetoa ishara awe mtu mmoja. Wakiwa wawili, mmoja atasema vuta na mwingine simama, na dereva atamsikia wa kwanza.

Kuhusu winchi, namba iliyoandikwa juu yake ni ya tabaka la kwanza la kamba kwenye pipa. Kamba ikijaa hadi tabaka la 4, winchi inaweza kupoteza zaidi ya theluthi ya nguvu. Toa kamba nyingi, au tumia kapi: nguvu inakaribia mara mbili, mwendo unapungua kwa nusu. Kwa mzigo mzito winchi inaweza kula ampea 400 wakati altaneta, inayochaji betri, inatoa labda 100, hivyo vuta kidogo, pumzika, injini ikiwa inanguruma muda wote. Kwenye mti zungusha mkanda mpana. Usiirudishe ndoano kwenye kamba yake yenyewe, inaikata.

Watu, nyaya na mahali

Idadi ya abiria ni idadi ya mikanda. Aliyeanguka au kugongwa na analalamika shingo au mgongo, usimpakie kwa huruma. Kazi yako ni kuwaleta wahudumu hadi alipo, na wakiamua asafirishwe kwa gari lako, wao ndio wanaomfunga kwenye machela na wao ndio wanaosema mwendo.

Waya wa umeme ulioanguka uhesabu una moto hadi fundi wa shirika la umeme aseme vingine. Kaa mita 10 au zaidi. Ukiangukia gari lako, baki ndani na piga simu. Gari likishika moto, ruka miguu ikiwa pamoja bila kugusa bodi na ardhi kwa wakati mmoja, kisha burura nyayo, usipige hatua.

Mtandao ukizidiwa, ujumbe mfupi hupita mahali simu haipiti. Mahali pataje kwa koordineti (namba za latitudo na longitudo), na mkubaliane mwanzoni mnaandika kwa mtindo gani. Dakika 30 ni nusu digrii, 0.50. Mtu akiiandika 0.30 ameongoza gari kilomita 22 pembeni, upande wa kaskazini au kusini. Msomee mwenzako, naye akurudishie namba mojamoja. Na nendeni magari mawili. Gari moja likikwama peke yake limeongeza idadi ya wanaohitaji kuokolewa.

Madereva wawili kwa gari ni bora kuliko dereva mmoja shujaa. Baada ya kuendesha kwa muda wa saa 12 macho yanaona barabara lakini mguu unachelewa breki, na saa hizo ndipo hukosekana mtu wa kukuambia inatosha. Mwambieni kiongozi wa zamu mapema kwamba mnabadilishana, awaandike hivyo.

Ukirudi, hata kama umechoka, jaza tangi kabla ya kulala. Vituo vikikosa umeme pampu hazifanyi kazi, na simu ya pili mara nyingi huja asubuhi ileile. Matope ya chini oshea maji safi, maana ya mafuriko yana kinyesi na chumvi za kila aina. Vaa glavu. Kamba ya winchi ifungue yote, isafishe, irudishe ikiwa imevutwa na uzito kidogo ili isizame kati ya matabaka. Koleo lirudi mahali pake. Koleo ndilo linaloachwa porini kila mara.